Njia Inayopita Shambani

Ukijaliwa siku chache za mapumziko kusini mwa Uingereza, usizimalizie zote London. Panda treni hadi Eastbourne, kisha tembea polepole kuelekea magharibi, juu ya majabali meupe ya Seven Sisters. Weupe ule ni chokaa, mabaki ya viumbe wadogo waliotuama chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Ukingoni usisogee, jabali humeguka bila taarifa.

Lakini kinachonigusa zaidi kiko ndani kidogo, mbali na maji. Njia ya miguu inakatiza shamba la mtu, ngano huku na huku, wala hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Kwenye uzio pana ubao wa kukanyagia, umelika katikati kwa viatu vya wapitaji. Haki hiyo ya kupita ni ya tangu zamani, na sheria ya mwaka 1949 iliagiza njia hizo zichorwe kwenye ramani. Wewe funga lango nyuma yako, kondoo wasitoke.

Mchana pumzika katika kijiji cha Alfriston, unywe chai kwa skonzi na jamu. Kwa safari ya kurudi, waweza kupanda treni stesheni ya Seaford.