Hukumu ya Jiko Kuukuu

Waswahili wana methali mbili mashuhuri juu ya kitu kipya. Moja husema, "Kipya kinyemi kingawa kidonda", ya pili huonya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Zote mbili zina busara. Lakini methali haivuti moshi wala haikohoi. Mtu ndiye akohoaye. Kwa hiyo yafaa kuuliza: ni kwa haki gani mtu hutengeneza kitu kuukuu, na ni kwa haki gani hukiacha akashika kipya?

Uwanda wa juu wa Ufipa wafaa kwa swali hili kuliko mahali pengi. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku huuma mifupa. Katika nchi kama hiyo mafiga matatu si mahali pa kupikia tu. Moto wake huivisha ugali, huwapa watoto joto, hukausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu yake, na huwakusanya watu wa nyumba kwa mazungumzo. Kitu kimoja hubeba kazi nne, na ujira wake huonekana kuwa kuni tu.

Walakini upo ujira mwingine usioonekana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wanaokaa karibu zaidi na moshi huo ni wanawake na watoto wadogo. Mume asifuye ladha ya chakula cha kuni hula akiwa mbali na moto. Mke aliyekiivisha ameinama juu yake kwa saa nyingi. Ni rahisi kuitetea desturi ambayo gharama yake hulipwa kwa pumzi ya mtu mwingine.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi, wenye shabaha kwamba asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shabaha ni njema; lakini neno "kupikia" lapaswa kutazamwa kwa makini. Mwali wa gesi huivisha mboga upesi, kisha huzimwa, na chumba hubaki na baridi yake. Nyumba iliyoyaondoa mafiga yaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga madirisha. Mkaa uliokolea hauna moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu, iwezayo kumuua aliyelala bila kumwamsha. Hapo kipya huleta kidonda kweli. Si kwa ubaya wa gesi, bali kwa kuwa aliyeileta alihesabu kazi moja akasahau nyingine.

Ufipa umewahi kuona mabadiliko ya namna hii. Wafua chuma wa nchi hiyo walijenga malungu, yaani matanuri marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, yaliyovuta upepo kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Greig aliieleza kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Vyuma na majembe ya ng'ambo vilipoenea, uyeyushaji ulikoma, na malungu yakaachwa yabomoke kwa mvua. Lakini uhunzi haukufa pamoja nayo, kwa maana wahunzi waliendelea kufua chuma chakavu. Chuma cha ng'ambo kilichukua nafasi ya tanuri. Hakikuchukua nafasi ya mkono wa mhunzi, atengenezaye jembe lililovunjika.

Funzo lake ni kwamba umri si hatia, na upya si sifa. Kitu kuukuu kihukumiwe kwa kazi zake zote na kwa madhara yake yote. Ikiwa dohani, dirisha au jiko banifu litaondoa madhara, kukarabati ni busara. Ikiwa madhara hayaondoki, kukibakiza kwa jina la mila ni ukatili. Na anayekiondoa ana deni la kutafuta njia nyingine kwa kila kazi aliyoiondoa: baada ya gesi ya kupikia, joto la usiku lilindwe kwa dari, kuta zisizopitisha upepo na blanketi. Tena asimlaumu maskini aliyesita, kwa kuwa mtungi hudai fedha kwa mkupuo, na kuni huokotwa siku kwa siku.

Katika shauri hilo, wa kwanza kusikilizwa awe yule akaaye karibu na moto. Jina la Sumbawanga huelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi". Agizo hilo halimwambii mtu atupe cha kale; lamwambia atupe kinachodhuru. Kulijua lipi ladhuru, na lamdhuru nani, ndiyo kazi ya kwanza ya mwenye nyumba mwadilifu.