Glavu Inamkinga Nani?

Karibu mwaka 1889, katika Hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, muuguzi Caroline Hampton alikuwa anababuka mikono. Dawa ya kuua viini kwenye chumba cha upasuaji ilikuwa na zebaki. Daktari William Halsted akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. 1890 wakaoana. Watu huisimulia kama stori ya mapenzi, na ni tamu kweli. Mimi hunasa mahali pengine: glavu zile hazikutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa. Mtu alitazama mikono ya mwenzake akaona, hii isiumie.

Sasa, mikono ya nani mingine?

Glavu za bluu unazoziona hospitalini hazitoki kwa utomvu wa mti. Ni naitraili, mpira wa sintetiki unaotoka kwenye petroli, kwa kuunganisha butadaini na akrilonaitraili. IARC, shirika la utafiti wa saratani, limeziweka zote mbili kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Glavu ikishakamilika ni kitu kingine, kwa hivyo wewe mvaaji usishtuke. Wa kujiuliza ni yule anayezishika zikiwa bado kemikali. Na tusiwe wajinga, naitraili imeokoa watu. UKIMWI ulipoingia, hospitali zikaanza kuvaa glavu kwa kila mgonjwa, na wauguzi wengi wakapata mzio wa protini za mpira wa asili, wengine hadi kukosa pumzi. Naitraili haina protini hizo. (Ina kemikali za kukomaza mpira zinazowasha ngozi za wengine, lakini upele si kukosa pumzi.)

Halafu kuna Malaysia, ambako karibu theluthi mbili za glavu za dunia zilikuwa zinatoka korona ilipoanza. Wengi kwenye viwanda vile ni wahamiaji kutoka Nepal na Bangladesh, waliolipa mawakala pesa nyingi ili wapate kazi, yaani walianza kazi wakiwa na deni. Julai 2020 Marekani ilizuia glavu za kampuni tanzu mbili za Top Glove. Novemba, maelfu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo wakaambukizwa korona, wengi wakiishi kwenye mabweni yaliyosongamana huko Klang. Hebu fikiria hapo: watu waliokuwa wanatengeneza kinga ya dunia nzima. Machi 2021 forodha ya Marekani ikasema imepata ushahidi wa kazi ya kulazimishwa. Septemba zuio likaondolewa, baada ya kampuni kuwalipa wafanyakazi fidia ya zaidi ya dola milioni 30.

Kuna watakaosema basi tuzisusie. Eti muuguzi wa Kisumu azalishe mama kwa mikono mitupu ndio dhamiri yangu ilale vizuri Nairobi? Hapana. Lakini pia sikubali ile hoja kwamba uhai uliookolewa unafuta deni la Klang. Hatari haikuisha, ilihamishwa, na aliyehamishiwa hakuulizwa. Kipimo changu ni hiki: ningeweza kumtazama yule mfanyakazi usoni nimwambie nilivaa kwa nini? Muuguzi anaweza.

Muuza smokie wa stage yetu ana kazi ngumu zaidi. Anavaa glavu moja asubuhi hadi jioni. Kwa glavu hiyo hiyo anapasua smokie, anapokea noti ya mia, anabonyeza simu kuangalia kama M-Pesa imeingia, anarudi kwa kachumbari. Simlaumu. Ni sisi wateja tunaomkwepa akiwa mikono mitupu, hata kama ameinawa kwa sabuni mbele yetu. Tunanunua sura ya usafi, na sura hiyo imetengenezwa na mtu mwenye deni.

Jioni anaivua na kuitupa. Ikichomwa kienyeji, naitraili hutoa moshi wenye sianidi. Isipochomwa inafika Dandora, na pale kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu.