Ahadi Kabla ya Bei

Kila mwaka, kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, vijana wengi walio mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani hutia saini hati fupi yenye uzito mkubwa. Kijana huchagua chuo kikuu kimoja na kukiahidi kwamba kikimpokea, atayaondoa maombi yote aliyopeleka kwingine na kwenda huko. Mzazi au mlezi hutia saini yake, na mshauri wa shule hutia ya kwake. Majibu hutoka katikati ya Desemba. Wengi wa waahidi hawa wana miaka 17. Kijana wa umri huo akinunua gari kwa mkopo, sheria katika takriban majimbo yote inampa nafasi ya kuutengua mkataba, kwa kuwa bado ni mtoto. Hapa anaahidi miaka minne ya maisha yake, na siku anapoahidi hajui atalipa kiasi gani.

Bei iliyotangazwa anaijua. Katika baadhi ya vyuo binafsi, ada, malazi, chakula na matumizi mengine ya mwaka mmoja vimeshavuka dola 90,000. Lakini hiyo ni bei ya familia isiyopewa msaada wowote. Familia nyingine hulipa kinachobaki baada ya chuo kupima mapato na mali zao, na kiasi hicho rasmi hujulikana kijana akishakubaliwa, yaani ahadi ikishatolewa. Anayeomba kwa njia ya kawaida hupata majibu ya vyuo kadhaa kufikia mwanzoni mwa Aprili, akaziweka barua mezani, akalinganisha, hata akaandikia chuo kimoja kukiomba kiongeze kidogo. Aliyejifunga ana barua moja.

Je, mtu anaweza kuahidi jambo asilojua litamgharimu nini? Wapo watakaojibu upesi kwamba ndivyo tunavyoishi. Anayeoa hajui ndoa itamdai nini, na anayezaa hajui mtoto atampitisha wapi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachanganya aina mbili za kutojua. Gharama ya ndoa imefichwa na wakati: bwana harusi haijui, bibi harusi haijui, na wazee waliokaa mkekani siku ya nikaha hawaijui. Gharama ya chuo haikufichwa na wakati. Taarifa za kipato cha mzazi zipo tayari, kwa kuwa FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, hutumia hesabu za kodi za miaka miwili nyuma. Kanuni za kukokotoa zipo. Ofisi yenye wataalamu wa kukokotoa ipo. Kilichoitanguliza ahadi mbele ya bei ni ratiba, na ratiba imepangwa na upande mmoja.

Mafaqihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo yamefuatwa na Waislamu wa mwambao wetu kwa karne nyingi, walilitafakari suala hili kwa kina. Katika biashara walishurutisha bei ijulikane na pande zote mbili, na mauzo yenye utata mkubwa wakayaita gharari, wakayabatilisha. Utata mdogo waliuvumilia, kwa sababu hakuna mapatano yasiyo na chembe yake. Tena waliweka khiyari: muuzaji na mnunuzi wana haki ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana pale walipokutana. Sidai kwamba elimu ni bidhaa ya dukani. Ninachokiona katika fikra hiyo ni kwamba ridhaa haikamiliki kwa kutamka ndiyo. Ridhaa inahitaji kitu cha kuridhiwa, na bei ni sehemu ya kitu hicho.

Watetezi wa utaratibu huu wana majibu mawili, na yote mawili yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kikokotoo. Tangu Oktoba 2011, kila chuo kinachopokea wanafunzi wenye msaada wa serikali kuu kimelazimika kuweka kwenye tovuti yake chombo cha kukadiria kile ambacho familia italipa. Kwa mzazi mwenye mshahara mmoja na nyumba moja, makadirio hayo huweza kukaribia ukweli. Kwa mzazi mwenye biashara ndogo ambayo mwezi huu inaingiza na mwezi ujao hailipi hata pango, huyumba. Kwa wazazi walioachana, huyumba zaidi. Na kwa mzazi ambaye jina lake limo katika shamba la urithi huko Moshi, shamba lisiloweza kuuzwa bila ukoo mzima kukaa, sijui kikokotoo kipi kina kisanduku cha kulieleza.

Jibu la pili ni mlango wa kutokea. Makubaliano yenyewe yanasema kwamba aliyeomba msaada na asipewe kiasi kitakachomwezesha kusoma huko anaweza kuikataa nafasi na kufunguliwa ahadi yake. Kwa hiyo, wanasema, hakuna anayelazimishwa kulipa asichokiweza. Hii ni khiyari ya aina yake, na ninaiheshimu. Lakini hapo ndipo swali gumu linapoanza: nani anayeamua kwamba familia haimudu?

Tuichukue familia ya Kitanzania huko Minnesota au Texas, ambako Waafrika Mashariki wengi wamehamia. Mama anatunza wazee zamu za usiku, baba anaendesha lori. Fomu inahesabu watu wanaoishi chini ya paa lao. Haimhesabu bibi aliye Tanga ambaye dawa zake za presha hulipiwa kila mwezi kutoka kwenye mshahara huohuo, wala mtoto wa marehemu kaka anayelipiwa ada kule Dodoma, wala michango ya misiba inayofika kwa simu bila kupanga foleni. Kwa mwenye fomu, hizo ni fedha zilizopo, na mwenyewe ameamua kuzigawa. Kwa mama, fedha hizo hazikuwahi kuwa zake. Chuo kinasema familia inaweza. Familia inasema haiwezi. Na hakuna aliyekosea kujumlisha. Tofauti yao ni ya kimaadili. Kusema kwamba mtu anamudu kitu ni kusema ni majukumu yapi ya maisha yake yanayohesabika na yapi yanaweza kuachwa. Chuo kinapolitamka neno hilo kwa niaba ya familia, kinakuwa kimeamua, bila kukusudia, kwamba bibi si jukumu.

Ni kweli kwamba mzazi anaweza kuandika barua na kueleza. Wapo maofisa wa msaada wanaosoma barua hizo kwa moyo na kubadilisha hesabu. Ila barua hiyo inamtaka mzazi aseme kwa mgeni jambo ambalo hajawahi kulisema kwa mwanawe.

Hapa ndipo shinikizo la wazazi linapoingia, na ni shinikizo la namna nyingi. Yupo mzazi anayesukuma: amesikia kwamba wanaojifunga mapema hupokewa kwa urahisi zaidi, naye anataka jina la chuo hicho litamkwe kwenye mikutano ya jamaa. Yupo anayekataza: hatii saini asipoona barua tatu za kulinganisha, hata kama mtoto amekipenda chuo kimoja tangu kidato cha pili. Huyu wa pili hulaumiwa kuwa anaua ndoto, nami naona ndiye mkweli zaidi kati yao. Lakini ninayemfikiria sana ni wa tatu, na ndiye wa kawaida zaidi miongoni mwetu: mzazi anayesema, “Pesa si kazi yako, mwanangu. Kazi yako kusoma.”

Kauli hiyo imetoka kwenye upendo. Imewalea wengi, na walioambiwa hivyo wanajua ilivyowapa usingizi. Mzazi anajichukulia mzigo ili mtoto aende mwepesi. Lakini siku ya kutia saini, kauli hiyohiyo inageuka kuwa pazia. Mtoto anaahidi kitu ambacho gharama yake iko kwa mtu mwingine, na mtu huyo amemkataza asiulize. Anayetoa neno ni mmoja, anayelipa ni mwingine, na anayeijua bei ni wa tatu, aliye ofisini mbali. Ahadi ya namna hiyo imevunjwa vipande kabla haijatolewa. Hata ikitimizwa kwa miaka minne bila kasoro, sioni ni ya nani.

Na mtoto si kipofu. Anaona mama anavyorudi asubuhi na viatu mkononi. Anaelewa kwamba kuuliza bei ni kumwambia mama kwamba huenda hawezi, na mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hamwambii mama yake hivyo. Kwa hiyo ananyamaza kwa heshima, na mama ananyamaza kwa upendo, na ukimya wa watu wawili wanaopendana unaingia kwenye hati kama ridhaa. Shinikizo zito kuliko yote halina sauti. Mzazi hakufoka wala hakulazimisha. Alijitoa tu, na kujitoa kwake kukawa deni ambalo mtoto anadhani atalilipa kwa kupokelewa na chuo kikubwa.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake The Human Condition cha mwaka 1958, aliiona ahadi kuwa dawa ya binadamu dhidi ya kesho isiyotabirika, na msamaha kuwa dawa ya lililokwisha kutendeka. Alikuwa akiwafikiria watu wanaofungana pamoja ili wote wapate pa kukanyaga. Nikiupima mkataba huu kwa kipimo chake, naona mashaka hayakupunguzwa, yamehamishwa. Chuo hakipendi kubahatisha ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaofika, na vipo vyuo vinavyojaza nusu ya nafasi za mwaka wa kwanza, au zaidi, kwa waliojifunga. Kwa njia hiyo uongozi unalala salama. Kijana amepata uhakika wa kiti, na hilo si dogo, ila mashaka ya bei yote yamebaki upande wake, katika nyumba isiyo na akiba ya kuyabeba.

Vyuo husema vinamtuza mwenye mapenzi ya kweli. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha kitabu The Early Admissions Game, wakaonyesha kwamba kuomba mapema kulimsaidia mwombaji kama vile ameongeza alama 100 hivi kwenye SAT, mtihani wa kuombea chuo. Ikiwa mapenzi ndiyo yanayotuzwa, basi tuulize ni nani anayeweza kuyaonyesha kwa njia hii. Ni yule ambaye hana haja ya kulinganisha barua. Mtoto wa familia isiyoulizia bei anaweza kusema “wewe peke yako” bila hofu. Mwenye mapenzi yaleyale lakini ambaye dola 8,000 kwa mwaka zinaamua kama mdogo wake naye atasoma, anasubiri hadi Aprili, na kusubiri kwake kunasomwa kama baridi ya moyo. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote katika jambo hili: busara ya maskini inahesabiwa kuwa upungufu wa mapenzi.

Wakuu wa vyuo wenyewe wamewahi kuliona. Septemba 2006 Harvard, kisha Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia, walitangaza kuachana na udahili wa mapema, wakieleza kwamba unawapendelea waliokwisha kupendelewa. Wengine wengi hawakuwafuata. Mwaka 2011 Harvard na Princeton waliurudisha bila sharti la kujifunga, na mwaka 2019 Virginia ililirudisha sharti lenyewe.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba kujifunga kwenyewe ni kubaya. Kijana aliyetembelea chuo, akakaa katika madarasa yake, akaona maabara anayoitaka, ana haki ya kukata shauri na kupumzika. Kuna uhuru katika kuacha kuchagua. Ninachodai ni kwamba uhuru huo una sharti lake, na sehemu ya sharti hilo iko mikononi mwetu wazazi, hata vyuo visipobadilika. Kabla ya saini, mzazi aitaje tarakimu: kwa mwaka tunaweza kiasi hiki, mkopo tutakaoukubali ni huu, na bibi yako tutaendelea kumtunza. Mtoto wa miaka 17 anaweza kuibeba tarakimu hiyo. Asichoweza kubeba ni kuigundua Desemba, barua ikiwa imefika na jirani wameshapigiwa simu.

Maombi ya vyuo vingine yawe yameandikwa yakakamilika, kwa kuwa kati ya jibu la Desemba na tarehe za mwisho za Januari kuna kama wiki mbili tu. Na kijana aelezwe mapema, na mzazi mwenyewe, kwamba kukataa nafasi kwa sababu ya bei kumo ndani ya yale aliyoyatilia saini. Anayesema “hatutaweza” hajavunja neno lake, hajawaaibisha wazazi wake, na hamkosei mshauri wake wa shule. Ametumia haki aliyopewa, na ameitumia kwa kuwa nyumbani kwao ukweli wa fedha ulisemwa mapema.