Dirisha la Juu Apande Nani?

Ndugu msomaji, kuna swali moja dogo ambalo wanafalsafa wamelipita tu, labda kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na mtu wa kazi. Swali lenyewe ni hili: dirisha lisilofikika kwa mkono, nani alisafishe?

Anayeishi Handeni au Korogwe analijua. Barabara baina ya miji hiyo miwili sasa ina lami, lakini mitaani vumbi bado ni mwenyeji. Linapita kwenye nondo, linanasa kwenye wavu wa mbu, linalala juu ya vile vioo vya vipande vipande. Vya chini unafuta kwa gazeti kuukuu na maji kidogo, maana Handeni maji yamekuwa shida miaka nenda miaka rudi. Je, kile kidirisha cha juu kabisa? Hicho kinangoja Idi au Krismasi, wageni wakikaribia. Hapo mama mwenye nyumba anaita: "Wee dada, sogeza meza!" Juu ya meza stuli, juu ya stuli binti wa watu, mkono mmoja kashika nondo.

Waswahili husema, aliye juu mngoje chini. Methali hiyo tumezoea kuwapigia wakubwa. Hapa aliye juu ndiye mnyonge kuliko wote ndani ya nyumba, na wanaomngoja chini wanamwonyesha kwa kidole: "Bado pale kwenye kona!"

Yupo atakayesema: kazi ni kazi, si analipwa? Sawa, si kila kupanda ni dhuluma. Mtazame mkwezi wa minazi kule Pangani. Anapanda juu kuliko kidirisha chochote cha Korogwe, wala hatumwonei huruma, tunamheshimu. Kazi yake kajifunza na bei anapatana mwenyewe. Zaidi ya hayo, anaweza kuutazama mnazi akasema, "Huu sipandi, una nyuki," na mwenye shamba asione kavunjiwa heshima. Binti wa kazi akisema, "Mama, naogopa," ataitwa mvivu. Akirudia, huenda jioni akafungasha mfuko wake arudi kwao.

Basi haki ya jambo hili haipimwi kwa urefu wa dirisha wala kwa mshahara peke yake. Inapimwa kwa ile "hapana" ya anayetumwa: je, anaweza kuisema na kesho akaamka bado ana kazi?

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari. Wenzetu wa maghorofani nao walijifunza kwa machungu. Huko Hong Kong, baada ya wafanyakazi wa ndani kuanguka na kufa wakisafisha madirisha, mikataba mipya tangu mwaka 2017 inasema dirisha la ghorofani lisafishwe kwa nje pale tu lenye nondo zilizofungwa, na kisitokeze kiungo chochote isipokuwa mikono. Hebu fikiri! Sisi nondo tumeziweka kwa kumwogopa mwizi. Wao wameziweka ili mtu asife.

Lakini mkaguzi wa serikali hatakuja kusimama sebuleni kwenu siku ya mkesha. Aliyepo ni wewe. Funga kitambaa kwenye mti mrefu, au azima ngazi na uishike kwa mikono yako mwenyewe. Vyote vikikosekana, kioo kibaki na vumbi lake; mgeni wa kweli amekuja kula pilau, hakuja kukagua kuta.

Nawe kijana mwenzangu, unayejaza madaftari mashairi ya haki na usawa: chumba unachoandikia kina dirisha. Mara ya mwisho aliyelipanda alikuwa nani, na aliulizwa kama anataka?