Uyoga Kati ya Mchicha

Baada ya mvua kubwa mama mmoja wa usharika wetu aliniita nikaitazame bustani yake. Kati ya mchicha palikuwa na uyoga mweupe, mzuri wa sura, na mtoto wake ameushika mmoja mkononi. Akaniuliza maneno mawili: Je, uyoga huu waliwa? Na mchicha nao niung'oe?

La pili lilikuwa jepesi. Uyoga hauambukizi mboga sumu yake. Mchicha ukioshwa vema huliwa. Tukang'oa uyoga kabla kofia zake hazijafunguka na kumwaga mbegu zilizo kama vumbi, tukachimba shimo la kuufukia mbali na mifugo. Tena nikamwonya kwamba utarudi, maana tuuonao juu ni tunda tu; wenyewe ni nyuzi nyeupe zilizo chini, zikila kisiki kilichooza. Kisiki hicho hakina budi kuchimbwa.

Jirani aliyesimama ugoni akasema, "Upikeni na kitunguu. Kisipogeuka cheusi, kuleni." Wengine husema, konokono ameula, basi ni mwema. Ndugu zangu, maneno hayo yameua watu! Sumu ya uyoga uuao haitoki kwa moto wala kwa chumvi. Aliyeula hulala salama, pengine saa 6, pengine saa 24, ndipo hutapika na kuhara. Kisha huona nafuu, jamaa zake wakashukuru, kumbe ini lake linakufa. Mtu akiula apelekwe hospitali upesi, asingoje kuugua, na masalio ya uyoga yachukuliwe pamoja naye.

Someni 2 Wafalme 4, habari za Elisha huko Gilgali wakati wa njaa. Yule aliyechuma matango mwitu hakuwa mwuaji. Alitoka kuwatafutia wenziwe chakula, akajaza nguo yake asichokijua. Upendo wake haukuitoa sumu chunguni. Heri wale waliopiga kelele wangali wakila, wasimwonee haya mpishi!

Sisi wachungaji na waalimu twaona haya sana kusema, "Sijui." Hata mimi siku ile, nilipoulizwa lile swali la kwanza, nusura niseme kwamba ndio uyoga aliokuwa akitupikia bibi yangu, maana ulifanana nao. Macho ya watu yalikuwa juu yangu. Nikamwambia, "Mama, sijui." Akautwaa ule uliokuwa mkononi mwa mtoto, akautia shimoni, akamnawisha mikono.