Kikapu cha Msafiri

Mama ashuka basini hapa Kharumwa na kikapu chake: kanga, unga wa mtoto, akiba ya mwezi. Askari amwambia, "Fungua!" Je, ana haki?

Yawezekana anayo. Katika mkoa huu wa Geita dhahabu huibwa na kutoroshwa, nasi hatutaki wezi walindwe. Lakini sheria haikumpa askari ruhusa ya kupekua kila apendavyo. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 yahifadhi nafsi ya mtu na maisha yake binafsi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yataka pawepo sababu ya haki ya kushuku. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na kitu kikitwaliwa, stakabadhi itolewe.

Wengine husema: asiye na hatia aogope nini? Twajibu: hata asiye na hatia ana aibu yake. Kikapu cha maskini ndicho nyumba yake akiwa njiani. Tena mpaka huo wamlinda askari mwenyewe, asishawishike wala asisingiziwe. Hatumwombi afumbe macho. Twamwomba abishe hodi.