Maua ya Kitulo

Mvua zinyeshapo, uwanda wa Kitulo hujaa maua, hata wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Na tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Baba akiwapeleka watoto wake kuyatazama, majirani humcheka: maua hayaliwi! Kumbe huliwa. Viazi vya okidi za nyanda hizo vimechimbwa na kuuzwa hadi Zambia, vipikwe chikanda. Na ua lililong'olewa kiazi halichipui tena. Mchimbaji naye ana watoto wa kulisha, hatumhukumu upesi. Lakini twauliza: nani atakilinda asichopata kukipenda? Na atakipendaje asichokiona? Bwana wetu alituagiza tuyatazame maua ya kondeni. Wazazi wapendwa, siku hiyo si hasara: ni fundisho la dini.